Besi wa Maji Mekundu

Maneno haya ni yenu, akina mama na mabinti mliobaki na karai zenu kando ya njia, kuanzia Kware hadi kwenye malango ya Donholm. Mimi nimelizima jiko langu, na ufito wangu wa kuvulia nimeuegemeza nyuma ya mlango, mahali ambapo wajukuu wamekwisha kuanza kuuanikia soksi. Sikuingia darasani hata siku moja. Anayeshika kalamu ni mjukuu wangu Nekesa, niliyemwagiza aandike nisemavyo, asipambe, asifupishe, wala asichomeke yale maneno ya vijana ambayo yakifika Ijumaa huwa yamekwisha kubadilika maana. Amenijibu, "Sawa, kukhu," kama kwetu Budalang'i tunavyomwita nyanya. Tutaona.

Sitawaeleza nilipata nini wala nilifika wapi. Anayetaka kujua hayo na aitazame nyumba ninayoishi, akate shauri mwenyewe. Nitasema habari za samaki, kwa sababu naona mnavyowanunua siku hizi, mkiwatazama kwa mbali kama mnaochagua viatu.

Mahali pa kuanzia ni Majengo. Nilimfuata mume wangu Nairobi, naye alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha sabuni. Tulipanga chumba kwa Bi Zuhura, mjane wa Kiswahili aliyekaanga samaki mlangoni pake kila alasiri. Mimi nilikuwa nimekulia ufukweni mwa ziwa, na sikuona kwamba mtu wa mjini angeweza kunifundisha chochote juu ya samaki. Siku ya kwanza aliponipa samaki nimpare magamba, nilimpara kwa majivuno mengi, na magamba yakaruka hadi kwenye kanga zake zilizoanikwa uani.

"Mwanangu," aliniuliza, "unampara samaki, au unamwadhibu?"

Kuanzia hapo nilinyamaza nikajifunza. Alinifundisha kumkausha samaki kwa kitambaa kabla hajagusa mafuta, na kumchanja mbavuni ili chumvi na ndimu ziingie. Zaidi ya yote alinifundisha kununua. "Usitazame ukubwa," alisema, "tazama kichwa. Kichwa ndicho shahidi. Jicho likiwa wazi na shavu likiwa jekundu ndani, toa pesa. Jicho likififia, salimia uende zako." Samaki asiye na kichwa hakumgusa kamwe. Alisema ni kama kesi iliyofichwa shahidi wake. Kiswahili changu nacho kilitoka kwake. Nikikosea neno, aliinua mwiko akasimamisha kazi mpaka nilirekebishe, wateja wakisubiri na sahani mkononi. Wengi wao walikijua Kiswahili vizuri zaidi kwa sababu yangu, kwa njaa.

Miaka ya tisini ilipoanza, tulihamia Kware. Wakati huo mashimo ya kuchimbia mawe yalikuwa bado wazi, na nyumba za mawe zilikuwa zikichipuka moja baada ya nyingine. Mume wangu alikuwa amepunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi, na karai langu ndilo lililotulisha. Niliweka jiko kwenye kibaraza cha mwenye ploti wetu, yaani mwenye nyumba tulizopanga, mzee kutoka Murang'a tuliyemwita Baba Wanjiru. Kibaraza kile kilikuwa mahali pazuri kuliko pote Kware. Wafanyakazi wa viwandani walipita hapo jioni, na watu wa Donholm walivuka barabara kuja kununua huku wakijifanya wamekuja kumtafuta fundi wa bomba.

Kisha ziwa letu likafunikwa na magugu maji. Malori yaliyoleta samaki soko la Gikomba yakawa yanafika na barafu nyingi kuliko samaki, na wanawake tukawa tunavutana masanduku kama watoto. Asubuhi moja ya vurugu hizo ndipo nilipomkuta mzee mmoja amesimama peke yake pembeni, na gunia lililotandikwa majani mabichi. Alikuwa Mzee Mutua, Mkamba aliyekuwa mlinzi kwenye bwawa kubwa la umeme kule kwenye Mto Tana, na aliyevua kwa ndoana siku zake za mapumziko. Ndani ya gunia mlikuwa na samaki wa rangi ya majani makavu, mwenye mstari mweusi ubavuni, na mdomo ambao ungeweza kumeza ngumi yangu.

"Huyu ni nani?" nilimuuliza.

"Besi. Wazungu walimleta nchini zamani wapate wa kuchezea na ndoana. Wao walienda, yeye akabaki."

"Mbona hanunuliwi?"

"Wenzako wanasema hawamjui. Eti mdomo ni mkubwa sana, lazima ana maneno."

Nilimfungua shavu. Lilikuwa jekundu kama pilipili. Nikambonyeza, nyama ikarudi. Nilimnunua gunia zima, nikamkaanga jioni hiyo, na jambo moja likanishangaza: hakuwa na ile miiba midogo midogo inayomfanya mtu ale kwa hofu. Alikuwa na uti wa mgongo na mbavu zake, basi, na nyama nyeupe iliyojaa. Watu wa bara waliokuwa wakipita mbali na karai langu wakaanza kupita karibu.

Hivyo ndivyo nilivyoanza safari za bwawani. Mwanzoni nilikwenda kununua tu, lakini Mutua hakuwa na subira ya mnunuzi aliyekaa chini akitazama. Alinikatia ufito, akanipa mshipi na kijiko. Ndiyo, kijiko cha chai: alikikata mpini, akakitoboa, akakifunga ndoana nyuma. Kikivutwa majini hung'aa na kuyumba kama samaki mchanga aliyejeruhiwa, na besi huwinda kwa macho. Siku ya kwanza nilinasa gogo, kisha gogo lile lile, kisha kofia ya Mutua.

"Mama," alisema akijipapasa kichwa, "hiyo si ya kula."

Sasa nisikilizeni juu ya majira, maana anayeuza samaki bila kujua majira ya maji anauza bahati.

Wakati wa kiangazi bwawa hurudi nyuma. Miti iliyozamishwa maji yalipojazwa hutokeza matawi yake, mikavu na meupe, na nyani huja kukaa juu yake kama wenye ploti. Besi hukaa chini ya miti hiyo kwenye kivuli. Mtupie kijiko asubuhi kabla jua halijakaza, au jioni linapolegea. Adhuhuri usijisumbue. Yeye yuko kwenye kina, na wewe unaungua bure. Samaki wa kiangazi ni mwembamba, kwa hiyo mkaange haraka, moto mkali.

Masika yakija, mito huleta udongo wote wa milimani, na bwawa hugeuka rangi ya matofali. Besi haoni kitu. Mutua alikuwa na neno moja tu juu ya msimu huo: "Lala." Kijiko hata king'ae namna gani, ni kama kumpungia mkono mtu aliye chumba cha pili.

Baridi ya katikati ya mwaka ndiyo msimu wake wa heshima. Maji hutulia na kupoa, na samaki hunona. Lakini ndipo pia dume hufagia kiota kwa mkia wake kwenye changarawe za ukingoni, jike akataga, kisha akaenda zake, na dume akabaki kulinda mayai na watoto. Wakati huo hali chakula, na hushambulia chochote kinachokaribia, hata kivuli chako. Ni rahisi kumvua kuliko kuokota jiwe. Mutua alinikataza. "Huyo yuko kazini," alisema. "Tafuta wasio na kazi." Katika miaka yangu yote sikumtoa dume kiotani, na mkisikia mtu Gikomba akijisifu kwamba amewapata kwa wingi ukingoni wakati wa baridi, mjue ni mtu wa namna gani.

Vuli huleta mvua fupi na wadudu wengi. Besi huruka juu ya maji kuwafuata, na mvuvi husahau chakula alichofungasha. Kwa vuli sina ushauri. Furahini tu.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Mutua hakuliweza kwangu, nalo ni mashua. Alikuwa na mashua ndogo ya mbao, iliyovuja kwa adabu, kidogo kidogo. Mimi sikuipanda. Kwetu mwanamke huwangoja wavuvi ufukweni. Haingii chomboni kwenda kuvua, na akiingia, wazee husema samaki watahama. Nilivua nikiwa juu ya mwamba, na Mutua alichoka kunibishia.

Sasa nimrudie Baba Wanjiru. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mbuzi. Kwao, enzi zake, samaki hakuwa chakula. Alihesabiwa jamaa ya nyoka. Kila asubuhi alipita kibarazani na leso puani.

"Mama Nafula."

"Naam, Baba Wanjiru."

"Harufu ya samaki yako imeingia mpaka kwa godoro."

"Basi godoro lako ni zuri. La bei rahisi halinyonyi."

"Na tena zinaniangalia."

"Nani?"

"Hizo samaki. Nikitoka asubuhi umezipanga hapo kwa meza, zote zinaniangalia."

"Zinamwangalia kila mtu."

"Hapana. Ni mimi zinaangalia."

Mwaka mmoja, masika yalipokuwa yanaanza, mtu aliyetaka kupanga chumba kikubwa cha mbele alinusa mara moja akaondoka. Jioni hiyo Baba Wanjiru alikuja kunisimamia, leso puani, akaniambia kwa upole ulionitisha kuliko kelele, "Mvua ikiisha, tafuta kibaraza kingine." Vibaraza vingine vyote vya njia ile vilikuwa na wenyewe, na bila njia ile sikuwa na wateja. Usiku chakula kilipowekwa, mume wangu aliuliza kama tutaweza. Nilimwambia ale.

Wiki chache baadaye, binti yake Wanjiru alinijia nyuma ya nyumba. Wanjiru alikuwa fundi cherehani, msichana mwenye heshima, na mteja wangu wa siri. Alikula samaki wangu kwa kujificha kisha akanawa mikono kwa ndimu mpaka kwenye viwiko.

"Mama Nafula, baba atakuja kukuongelesha. Tafadhali usimcheke."

"Kuna nini cha kucheka?"

Akatazama chini. Alikuwa ameposwa na Odhiambo, fundi wa magari kutoka upande wa ziwa. Wazee wa kijana wangekuja Jumamosi iliyofuata kuongea na wazee wa nyumba. "Na nimemwambia baba," alisema, "akiwapatia nyama peke yake, bila samaki hata mmoja, watadhani amewaonyesha kwamba desturi yao hapa haitakiwi."

Baba Wanjiru alikuja kweli. Leso ilikuwa mfukoni. Alizungumza akiutazama ukuta.

"Wageni wanakuja Jumamosi. Nataka upike. Samaki kubwa, ya heshima. Na isikuwe na mifupa, kwa sababu watu wangu pia wataonja, na kaka yangu anaogopa kukwamwa."

"Samaki mkubwa asiye na miiba ni besi peke yake, na besi havuliwi maji yakiwa mekundu."

"Wewe si ndio mama samaki? Utajua."

"Na kibaraza?"

Akaitazama mbingu. "Tutaongea."

"Tuongee sasa."

Akafikiri. "Wageni wakitoka hapa wakicheka, utabaki hapo mpaka uzeeke. Wakitoka wamenuna…" Hakumaliza, na mimi sikumwomba amalize.

Nilifika bwawani Alhamisi. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima, na maji yalikuwa mazito kama chai ya maziwa iliyosahauliwa jikoni. Mutua alikuwa amelala, kama msimu ulivyoagiza. Nilimwamsha.

"Haoni kitu," alisema bila kufumbua macho. "Utamwonyesha nini?"

"Kama haoni, atasikia."

"Samaki hana masikio."

"Umewahi kumkagua?"

Akafumbua jicho moja.

Wazo hilo nilikuwa nimelitoa kanisani. Nilikuwa mwimbaji wa kwaya, na Jumapili iliyotangulia kayamba letu moja lilikuwa limepasuka katikati ya wimbo, likamwaga mbegu zake miguuni mwa mchungaji. Nilikuwa nimezikusanya nikidhani nitazirudisha. Badala yake nilizitia, pamoja na kokoto za kukizamisha, katika kichupa kidogo cha plastiki kilichokuwa na dawa ya kikohozi, nikakiziba, nikakifunga ndoana mbele na nyuma. Kikivutwa, kilipiga kayamba chini ya maji. Mutua alikitikisa sikioni pake kwa muda mrefu.

"Huu ni wimbo gani?"

"Wa kutoa sadaka."

Nilitupa kutoka kwenye mwamba wangu asubuhi yote, sikupata hata gogo. Mvua ilikuja na kwenda. Mutua alikaa chini ya mfuko wa nailoni akanitazama, kisha akaonyesha kwa kidevu ile miti iliyozama, mbali na ukingo, ambako ncha za matawi zilikuwa bado zimetokeza. "Kama yupo, yuko pale. Amekumbatia mti anangoja masika yaishe. Kutoka hapa hufiki."

Nilijua alichokuwa akisema. Nilimkumbusha habari za kwetu.

"Mama," alisema, "huku hakuna kwenu wala kwetu. Mimi nilikuwepo. Maji haya yaliletwa na tingatinga."

Nilifikiri juu ya hilo. Nilifikiri juu ya kibaraza pia, na sahani ya mume wangu. Kisha nikavua viatu, nikapanda mashua. Haikuzama. Nilikaa katikati nikishika ufito kwa mkono mmoja na ubao kwa mwingine, na kama midomo yangu ilikuwa ikisema kitu, kilikuwa kati yangu na Mungu, ingawa Mutua alidai alisikia kila neno, na mengine hayakuwa ya maombi.

Tulijifunga kwenye tawi. Nikatupa kichupa karibu na shina, nikakiacha kizame, nikakivuta polepole, kikiimba. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu ufito ulivutwa chini kama aliyeushika ni mtu mwenye haki nao. Mutua akapiga kelele, mimi nikapiga kelele, mashua nayo ikachukua maji zaidi ya kawaida yake. Besi aliruka nje ya maji mekundu akitikisa kichwa, mdomo wazi, na kichupa kikapiga kayamba hewani. Nilisimama. Naam, ndani ya mashua nilisimama. Tulipomtoa, alikuwa mkubwa kuliko yeyote niliyemwona kiangazi au baridi. Baada yake tulipata wengine, wote kutoka kwenye miti, wote kwa sadaka ile ile.

"Samaki ana masikio," Mutua alisema tulipokuwa tukirudi. Kisha, akikitikisa kichupa: "Nitengenezee changu."

Jumamosi asubuhi niliwakaanga wazima, kichwa hadi mkia, rangi ya dhahabu iliyokolea. Niliwapanga kwenye sinia, nikawafunika, nikawapeleka jikoni kwa Baba Wanjiru, kisha nikaenda kubadilisha nguo. Niliporudi, magari ya wageni yalikuwa yakisikika kwenye kona, na Baba Wanjiru alikuwa amesimama kando ya sinia, panga mkononi, anatabasamu.

"Nimekusaidia," alisema.

Nilifunua. Walikuwa wamepangwa vizuri sana, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na kichwa.

Nilikaa juu ya gunia la makaa.

"Mgeni atakula aje na kitu inamwangalia?" alinieleza kwa wema. "Nimeziondoa zote. Hata sikuumiza nyama."

"Vichwa viko wapi?"

"Nimefunga na gazeti, nimeweka nje. Jioni nitazika."

"Utazika?"

"Kwani utatupa tu kitu iko na macho?"

Wanjiru aliingia, akaona, akajishika mashavu. "Baba! Kwao kichwa ndicho samaki! Ukimpa mzee samaki bila kichwa, ni kumwambia wengine wamekula kizuri, yeye anapewa mabaki. Au samaki ameoza na umemficha macho!"

Tabasamu la Baba Wanjiru liliondoka taratibu. Alitazama panga, akaliweka nyuma ya mlango, kama ambaye hakuwahi kulishika. Nje, milango ya magari ilikuwa ikifungwa, na sauti nzito zikisalimiana. Aliniangalia mimi, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na ukuta kati yetu. "Mama Nafula," alisema kwa sauti ya chini, "nisaidie. Huyu ndiye msichana peke yake niko naye."

"Lete gazeti," nilisema.

Alilileta mbio. Aliyaheshimu mazishi yake: kila kichwa kilikuwa kimefungwa peke yake, safi, bila punje ya mchanga. Wanjiru alikata vitunguu na nyanya, mimi nikakoleza moto, tukavichemsha vichwa kwenye mchuzi wa dhania na ndimu wakati wageni wakinywa chai na kuombewa. Kisha nilivipanga kwenye sinia moja kubwa, midomo juu, wazi, kama kwaya iliyofika kwenye kiitikio, nikaingia navyo sebuleni kabla ya chakula kingine chochote.

"Wazee wetu," nilisema, "katika nyumba hii, supu ya kichwa cha mbuzi hutangulia, nayo ni ya wazee. Basi samaki naye amepewa heshima ya mbuzi. Kichwa kimetangulia. Mwili utafuata kwa watu wote."

Sikusema uongo. Ilikuwa desturi ya nyumba ile tangu dakika ile.

Mkubwa wa wageni, Mzee Okech, ami yake Odhiambo, alijiinamia mbele. Alitazama macho, akainua shavu la kichwa kimoja kwa kidole, akatazama ndani. Bi Zuhura angempenda.

"Huyu mwenye mdomo ni wa wapi?"

"Wa bwawani, mzee."

"Masika haya? Nani amemvua?"

"Mimi."

"Ukisimama wapi?"

Ningeweza kusema mwamba. "Ndani ya mashua," nilisema.

Wazee wa ziwani wakatazamana. "Mwanamke wa kwetu," alisema polepole, "ndani ya mashua?"

"Maji hayo, mzee, yaliletwa na tingatinga."

Alinitazama sana. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na kicheko kikamtoka kikubwa kuliko mwili wake. Wenzake wakafuata, na watu wa Murang'a, ambao hawakujua kinachochekwa, wakacheka kwa kuona mambo yako salama. Alipojifuta macho, Mzee Okech alichukua kichwa kikubwa kuliko vyote, kile cha besi wa kwanza, akakiweka kwa mikono miwili kwenye sahani ya Baba Wanjiru.

"Kwetu," alisema, "hiki ni cha mwenye boma."

Sebule nzima ikamgeukia. Baba Wanjiru hakuwa amekula samaki tangu azaliwe. Alitazama sahani. Sahani ilimtazama.

"Mama Nafula," aliniambia kupitia meno, "inaniangalia."

Niliinama kana kwamba ninamwongezea mchuzi. "Anza na shavu. Liko nyuma ya jicho. Ukiwa huko, hakuoni."

Alichokoa shavu kwa ncha ya kijiko, akalitia mdomoni, akafumba macho. Alitafuna kwa muda mrefu kuliko shavu linavyohitaji. Akafumbua macho. Akakigeuza kichwa upande wa pili, akala na shavu lile lingine, bila kuambiwa na mtu.

Mazungumzo yaliyofuata yalikuwa ya wanaume na sikuyasikiliza, lakini wageni waliondoka wakicheka, wakibeba miili iliyobaki ndani ya sufuria yangu nzuri, ambayo sijaiona tena.

Jumatatu asubuhi nilimwona Baba Wanjiru akija kibarazani na nyundo na vipande vya mabati. Nilianza kukusanya vyombo. Alipanda kwenye kiti changu, akapigilia mabati juu ya jiko langu, akayakunja yakawa bomba, akaelekeza moshi na harufu yote upande wa pili, kwenye madirisha ya ploti ya jirani yake, ambaye alikuwa haelewani naye. Alishuka, akalitazama kwa kuridhika, akaenda zake.

Nilikaa chini ya bomba lile mpaka nilipozeeka, kama alivyoahidi. Mutua alipostaafu alinirithisha mashua, nami nikaipanda kila masika bila kuomba ruhusa ya mtu. Kile kichupa ningali nacho. Kimening'inia hapo kwenye ufito, karibu na soksi. Atakayekitaka kati yenu aje akichukue, lakini aje wakati wa masika, na aje na viatu vya kuvua.

Miaka kadhaa baada ya harusi ya Wanjiru, ilitokea Ijumaa moja vichwa vyote vimekwisha kuagizwa na wateja wa viwandani. Baba Wanjiru alikuja na sahani yake, nikamwekea mwili wa besi, mnene, mzuri. Aliuinua kwa vidole viwili. Akaugeuza. Akautazama mahali ambapo shingo ingekuwa.

"Mama Nafula," alisema kwa ukali, "sasa hii bila macho, nitajuaje kama ni ya leo?"

Nilimwambia asubiri, kuna kimoja nitakitoa kwenye karai sasa hivi. Akavuta kiti akakaa chini ya bomba lake, akasubiri, bila leso.